Mtoto Anapoogopa Kurithi Kifafa cha Mzazi: Mwongozo kwa Walezi

Saa nane usiku nilimkuta mtoto wa kaka yangu sebuleni, taa inawaka, amenyoosha mikono yote miwili mbele yake. Juu ya kila mkono ameweka kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, anakitazama kama kinatikisika. Alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili. Baba yake, yaani kaka yangu, ana kifafa kilichomwanza akiwa na miaka 16. Kijana alikuwa amebakiza miezi saba kufika umri huo, na alikuwa anaihesabu.

Nilimwambia kile ambacho ningemwambia mtoto yeyote: "Acha hayo mawazo, mwanangu. Wewe huwezi kupata. Nenda kalale." Akaenda. Usiku uliofuata karatasi zilikuwa mezani tena.

Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya baada ya hapo, mengine kwa kuelekezwa na wataalamu wa hospitali na mengine kwa kukosea kwanza. Nimeyaandika kwa ajili ya mzazi, shangazi, bibi au kaka mkubwa anayeishi na kijana wa namna hiyo. Mfano wangu ni kifafa kwa sababu ndicho kilichomo nyumbani kwetu, lakini kama kwenu ni ugonjwa mwingine wa ubongo au mishipa ya fahamu, hatua ni zile zile. Kinachobadilika ni namba, nazo nimeziweka katika hatua ya tatu.

1. Jua anaogopa nini hasa

"Anaogopa kifafa" haitoshi. Hofu ya kijana ina picha ndani yake, na usipoijua picha hiyo utajibu swali ambalo hakuuliza.

Usimwite kikao. Ukimkalisha kijana kwenye kochi, watu wazima watatu mbele yake, utaambiwa "hakuna kitu". Mimi nilingoja Jumamosi tukichambua mchele, ungo katikati yetu, macho yote kwenye mchele. Nikamuuliza: "Usiku ukiwaza, unaona nini?" Halafu nikanyamaza. Ukimya huo ulinishinda kuliko swali lenyewe, lakini usiukatishe.

Hakusema anaogopa kufa. Alisema anajiona ameanguka paredi ya asubuhi, amejikojolea, shule nzima inamtazama. Baadaye kidogo akaongeza: "Na hakuna atakayekubali kuolewa na mimi." Aliwahi kumsikia bibi mmoja wa ukoo akisema kwamba zamani kabla ya kuposa watu walipeleleza kwanza, na nyumba yenye kifafa ilirukwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 15 alikuwa amebeba aibu ya paredi na ndoa ambayo haijakuja, vyote peke yake.

Muulize pia amesikia nini mitaani. Wengi bado wanaamini kwamba kifafa huambukiza kwa povu la mdomoni, au kwamba ni mzimu wa ukoo unaohama kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, au mtu amelogwa. Usimcheke wala usimkaripie. Ukweli ni kwamba kifafa hakiambukizi kwa povu, mate, mkojo wala kwa kumshika mtu aliyeanguka, na ni vizuri aambiwe hivyo waziwazi. Lakini siku hiyo ya kwanza sikiliza tu. Majibu yatakuja.

2. Tafuta chanzo cha ugonjwa wa mzazi

Hapa ndipo sisi tulipopata nafuu kubwa kuliko kwingine kote, nami nasikitika tulichelewa miaka.

Kifafa si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo ubongo hurudia kupata mitikisiko ya umeme, na kinachoufikisha ubongo hapo kinaweza kuwa vitu vingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, kiharusi, au mayai ya minyoo tegu yaliyoingia mwilini kwa chakula na maji yenye kinyesi, yakakua na kuwa vifuko ndani ya ubongo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho baba anampa mwanawe kwa damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi robo ya kifafa chote duniani kingeweza kuzuiwa, na kinachozuilika namna hiyo hakikutoka kwa babu.

Ukoo wetu unatoka Mahenge, wilaya ya Ulanga. Anayepajua Mahenge anajua kwamba kifafa kimekuwa kingi huko kwa miaka mingi, kiasi kwamba kliniki ya kifafa iliyoanzishwa na daktari Louise Jilek-Aall ina historia ya tangu miaka ya 1960. Yeye ndiye aliyeandika pia habari za watoto wa huko wanaosinzia kichwa, kichwa kikianguka mbele mara kwa mara kama mtu mwenye usingizi. Kwa muda mrefu nyumba yenye wagonjwa wawili au watatu ilionekana kuwa na "damu mbaya". Watafiti waliofuata waliona jambo lingine: kifafa hicho kinaandamana na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Kwa maelezo yao, ndugu walikuwa wanaugua pamoja kwa sababu waliumwa na inzi wale wale kando ya mto ule ule. Ndiyo maana dawa za kingatiba za usubi zinazogawiwa vijijini zina maana hata kwa kifafa.

Kaka yangu alikulia huko, jirani na mto, na katika wenzake wa rika watatu walikuwa wanaanguka. Tulipompeleka kliniki na kuomba aelezwe chanzo, daktari alisema kwamba kwa mahali alipokulia na umri uliomwanza, usubi ndio unaoelekea kuwa chanzo, ingawa baada ya miaka yote hiyo hakuna kipimo cha kuapia. Mwanawe amezaliwa na kukulia Morogoro mjini. Mto wa baba yake hajawahi kuishi kando yake.

Fanyeni hivi: mzazi mgonjwa aende kliniki yake na maswali haya yameandikwa kwenye karatasi. Ugonjwa wangu unaitwaje kwa jina kamili? Ulianza na umri gani, baada ya tukio gani? Kuna mwingine katika ukoo, na aliishi wapi? Je, aina hii inajulikana kurithiwa? Majibu yaandikwe kwenye daftari la nyumbani, maana kichwa cha mtu mwenye hofu hakishiki.

Kisha, kama inawezekana, mzazi mwenyewe ndiye amwambie mtoto. Kaka yangu alikuwa hajawahi kulitaja neno kifafa mbele ya wanawe. Tulikuwa tunasema "baba hajisikii vizuri" huku wote tumeona. Jioni moja alimwita kijana barazani akamsimulia alivyoanguka mara ya kwanza, shambani, na alivyozinduka akakuta watoto wenzake wamesimama mbali kwa kuogopa kumgusa. Alimwambia: "Nilinyamaza nikidhani nakulinda." Mtoto alimuuliza maswali hadi chakula kikapoa. Akiwa na mzazi anayejilaumu, kijana hawezi kuuliza, kwa hiyo mshughulikieni mzazi kwanza. Hakuna mzazi anayechagua kuugua, wala anayechagua kipi kipite kwa mtoto na kipi kibaki.

3. Weka namba mezani, za kweli

Usimwambie "huwezi kupata". Ni ahadi usiyoweza kuitimiza, na kijana mwenye simu ataivunja kwa dakika tano.

Sisi tulitumia maharage. Tulihesabu punje 100 juu ya meza. Katika watoto 100 wa watu wote kwa jumla, mmoja hivi hupata kifafa kabla ya kumaliza ujana. Katika watoto 100 ambao mzazi wao ana kifafa, ni kati ya 2 na 5, kutegemea aina. Nikatenga punje 5 pembeni. Zilizobaki 95 zilikuwa rundo, zile 5 zilikaa peke yake kama zimepotea. Kijana alizitazama muda mrefu, akauliza swali ambalo lazima uwe na jibu lake: "Na nikiwa mmoja wa hizi?"

Jibu: hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakipata dawa sahihi na kuzinywa bila kukatisha. Tatizo kubwa katika nchi maskini ni kwamba karibu robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayohitaji. Yeye angepata, kwa sababu nyumba nzima inajua dalili na inajua kliniki iko wapi. Kwa hiyo tukachukua zile punje 5, tukasogeza 3 zikarudi rundoni. Zilibaki 2. Hakutabasamu, lakini alilala usiku ule.

Kwa magonjwa mengine namba ni hizi, na msizichanganye. Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, huanza zaidi baada ya miaka 60, na wengi mno wanaougua hawana mzazi aliyeugua. Maradhi ya kusahau ya Alzheimer ni hivyo hivyo: ile aina inayopita moja kwa moja katika ukoo kwa jeni moja (chembe ya urithi) na kuanza mapema ni chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, na ambao huonekana zaidi nchi za baridi na hivyo huwagusa zaidi jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, humpata mtoto wa mgonjwa kwa takriban 2 kati ya 100.

Huntington ni habari nyingine, na hapa nakuomba usimdanganye mtoto hata kwa upendo. Ni ugonjwa adimu wa ubongo, unaoleta mijongeo isiyozuilika na kudhoofisha akili, nao hutokana na jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 1993, na kila mtoto wa mzazi mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuibeba. Nusu hiyo ni ya kila mtoto peke yake, kama kurusha sarafu upya. Ndugu yako akiipata haikuokoi wewe, na akiikosa haikuongezei. Dalili kwa kawaida huanza kati ya miaka 30 na 50. Kipimo cha jeni kipo, lakini miongozo ya kitaalamu inakataza kumpima mtoto mwenye afya kabla hajafika miaka 18, kwa sababu dawa ya kuuzuia bado haipo na kujua au kutojua ni haki yake akishakuwa mtu mzima, baada ya kupewa ushauri kwanza. Kijana wa nyumba hiyo anahitaji mtu wa kuzungumza naye kwa miaka, na hatua za 5 na 6 hapa chini zitamfaa kuliko namba.

4. Hospitali mara moja, kwa mpango

Mpelekeni akapimwe, lakini iwe safari moja iliyoandaliwa. Aandike mwenyewe dalili zinazomtisha, kila moja na wakati inapotokea. Orodha ya kijana wetu ilikuwa na mikono kutetemeka, jicho kucheza, vidole kufa ganzi, na mwili kushtuka anapoanza kusinzia. Daktari alimpima mwendo, macho, nguvu za mikono na miguu, akagonga magoti kwa nyundo yake ndogo, kisha akaipitia orodha mstari kwa mstari. Jicho kucheza: uchovu na kukosa usingizi. Kushtuka unapoanza kusinzia: karibu kila binadamu. Kufa ganzi vidole: kupumua harakaharaka kwa hofu.

Usiilazimishe hospitali impime umeme wa ubongo ili "kuondoa wasiwasi". Kipimo hicho ni cha mtu mwenye dalili. Kwa asiye na dalili kinaweza kuonyesha michirizi isiyo na maana yoyote, ukarudi na hofu mbili badala ya moja.

Kabla ya kutoka, mwombeni daktari awatajie dalili ambazo kweli zinarudisha mtu hospitali, muziandike kwenye lile daftari. Kwetu zilikuwa hizi: kupoteza fahamu au kuduwaa bila kuitika, mtu mwingine akiwa ameona, kuamka ameng'ata ulimi au amelowa, mikono kuruka ghafla asubuhi baada ya kuamka kiasi cha kudondosha kikombe au mswaki, udhaifu wa upande mmoja, kuona kupotea, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ikitokea mojawapo, mnakwenda hata kama ni siku ya mtihani. Isipotokea, hamrudi.

5. Kukata mazoea ya kujikagua

Hii ndiyo kazi yenyewe. Maelezo mazuri ya hatua zilizopita hayatadumu wiki moja kama mtoto anaendelea kujikagua.

Inakuwa hivi: anaogopa, anajikagua, anaona yuko sawa, anapumua. Ile nafuu ndiyo mtego. Mwili unajifunza kwamba nafuu inapatikana kwa kukagua, kwa hiyo baada ya saa moja unaidai tena. Na anayetafuta hupata, kwa sababu mwili wa binadamu haukosi kutikisika mahali. Nilichukua zile karatasi nikaziweka juu ya mikono yangu mwenyewe mbele yake. Zilitikisika kuliko za kwake. Mkono wa kila mtu ulionyooshwa hutetemeka kidogo, karatasi hukuza, na hofu, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na usiku wa kukesha huongeza zaidi. Alinitazama, akaomba nirudie.

Kwa siku tatu ahesabu tu anajikagua mara ngapi, akitia alama kwenye karatasi, bila kujizuia. Kijana wetu alifika mara 38 kwa siku moja. Kisha anza kuchelewesha: hamu ikija, asubiri dakika 10 akifanya kitu cha mikono, kufua soksi, kuchota maji, chochote. Baada ya dakika 10 akitaka bado, akague. Wiki inayofuata dakika 30. Mara nyingi hamu hupita yenyewe kabla ya muda kufika, naye anaiona ikipita. Mwambieni mapema kwamba siku za mwanzo hofu itapanda, asije akadhani njia imeshindwa.

Na wewe unalo fungu lako. Kila asubuhi aliniuliza: "Shangazi, niko sawa?" Nami kila asubuhi nilijibu "uko sawa", bila kujua kwamba nilikuwa namkagulia. Tulikubaliana, yeye na mimi, siku ambayo ametulia, kwamba swali hilo likija nitajibu: "Hilo ni swali la hofu, tulishalijibu. Mimina chai." Lazima akubali mwenyewe kabla, la sivyo ataona umemtupa. Mara ya kwanza alikasirika akaacha chai. Wifi yangu alitaka kumkimbilia, nikamshika mkono. Wiki ya tatu alikuwa analianza swali, anajikatisha mwenyewe, anamimina chai.

Simu nayo ni kioo. Video moja ya mtu mwenye dalili huleta nyingine mia, na mtoto anaamka asubuhi na ugonjwa ambao jana hakuujua jina. Mkataba wetu: swali lolote la ugonjwa linaandikwa kwenye daftari, na Jumapili jioni tunalitafuta pamoja kwa dakika 20, kwenye maelezo ya Shirika la Afya Duniani au ya wizara ya afya. Usiku simu inalala chumbani kwangu. Mengi ya maswali, yakifika Jumapili, hayana tena aliyeyataka.

6. Usiku

Hofu hupenda kitanda. Mpe muda wake mchana: robo saa, saa 11 jioni, mahali pamoja, aandike kila kinachomtisha. Usiku wazo likija ajiambie "kesho saa 11". Inaonekana kama jambo dogo, lakini kichwa hukubali kuahirisha kuliko kinavyokubali kunyamazishwa.

Moyo ukienda mbio, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta: avute kwa hesabu ya 4, atoe kwa hesabu ya 6, kwa dakika tano, mkono juu ya tumbo. Wengine kwetu walichanganya na dhikri au sala, na ni sawa kabisa mradi pumzi iwe ya taratibu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe saa nane mchana.

Jambo moja: usimtishe kwamba asipolala ataanguka. Ni kweli kukosa usingizi huchochea kifafa kwa aliye nacho, lakini kulisema kwa mtoto huyu ni kumpa sababu mpya ya kukesha.

7. Mpe kazi mzazi anapoanguka

Kijana anayesimama mlangoni bila la kufanya ndiye anayekwenda kuota usiku. Mfundisheni, mfanye mazoezi mara mbili au tatu sakafuni, mmoja akijifanya mgonjwa.

Aangalie saa. Aondoe kiti, jiko, chochote cha kuumiza. Aweke nguo laini chini ya kichwa, alegeze kola. Asimkandamize mikono wala miguu. Asiweke kijiko wala kidole mdomoni, asimnusishe kiatu wala kiberiti, asimnyweshe maji. Mtikisiko ukipungua, amgeuze alale ubavu, akae naye akimwita jina hadi azinduke vizuri. Ikizidi dakika 5, au akianza tena kabla hajazinduka, au amejeruhiwa au anapumua kwa shida, ni hospitali mara moja.

Siku ya kwanza kijana wetu kufanya hivyo, baba yake alianguka ukumbini, na ilichukua dakika mbili. Nilifika nikamkuta mtoto amepiga magoti, shati lake la shule limekunjwa chini ya kichwa cha baba, macho kwenye saa ya ukutani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka sana. Hakuitazama.

Muonyesheni pia dawa za mzazi zinavyonywewa na kwa nini hazikatishwi ghafla. Kaka yangu alikuwa anaacha akijisikia vizuri, kisha anaanguka, na mtoto alidhani ugonjwa ndio unaokua. Daktari peke yake ndiye anayepunguza dawa, tena baada ya walau miaka miwili ya kutoanguka.

8. Shule, na lile neno la ndoa

Chagueni mwalimu mmoja, wa malezi au wa darasa, aelezwe kwa ruhusa ya kijana. Hahitaji kuwaambia wenzake wote. Anahitaji mtu mmoja ambaye akitoka nje ya darasa kupumua dakika tano hataulizwa mbele ya wote. Msimwondoe kwenye mpira, kuogelea wala safari za shule. Hana kifafa, na kila mnachomzuia kinamwambia kwamba mnajua kitu asichokijua.

Kuhusu ndoa, baba yake alimjibu kwa sentensi moja nami sikuona la kuongeza: "Mama yako aliniona nimeanguka kabla sijamposa."

9. Inapozidi uwezo wenu

Nendeni kwa mtaalamu kama haendi shule, amekonda, halali wiki nyingi, au kujikagua kunakula saa nzima na zaidi kila siku baada ya mwezi wa kujaribu haya. Hofu ya namna hii ina tiba ya mazungumzo inayofunza kubadili fikra na mazoea, na inawafaa sana vijana. Anzeni hospitali ya wilaya na kuomba rufaa ya afya ya akili. Tanzania kuna idara hiyo Muhimbili, na hospitali ya Mirembe iko Dodoma. Akisema "bora nisingezaliwa", au mkiona dalili ya kujiumiza, msingoje asubuhi: mwekeni karibu, ondoeni dawa na vitu vya hatari, mkimbizeni hospitali. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, haina malipo, inafanya kazi Tanzania na Kenya, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe.

10. Ikirudi

Itarudi, hasa wakati wa mitihani, mzazi akianguka vibaya, au umri ule ukikaribia. Andikeni mapema mtakachofanya. Kwetu ilirudi wiki mbili kabla hajatimiza miaka 16. Alianza kuuliza asubuhi, karatasi zikaonekana mezani siku mbili. Tulirudi hatua ya 5 tangu mwanzo: kuhesabu siku tatu, dakika 10, dakika 30. Daftari lilionyesha mara 11 siku ya kwanza, 9 ya pili, 4 ya tatu. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Alikwenda shule, akacheza mpira jioni, akarudi na goti limechubuka, akaniomba dettol.